Doti, Jora, Mzigo

Dukani ninakofanya kazi siku tatu kwa wiki, hatua chache kutoka Mtaa wa Kongo, Kariakoo, hatuuzi khanga kwa mita. Khanga inauzwa kwa doti, vipande viwili vilivyoungana. Mteja mwenyewe ndiye atakayevikata na kuvipeleka kwa fundi kupindwa. Vitambaa vingine vinakuja kwa jora. Na Mama, mwenye duka, ambaye sote tunamwita hivyo ingawa hana undugu na yeyote kati yetu, akipiga simu kwa wakala wake bandarini haulizi habari za bidhaa. Anauliza, “Mzigo umeingia?”

Doti, jora, mzigo. Miezi ya mwanzo niliyatamka maneno haya kama kila mtu anavyoyatamka, bila kuyapa uzito. Kisha jioni moja, maktabani Mlimani, nikawa nasoma maelezo ya Richard Burton ya safari yake ya 1857 kutoka Kaole, pale jirani na Bagamoyo, hadi Ziwa Tanganyika. Nikakuta vipimo vyetu vyote amevipanga: mikono minne ni shuka moja, shuka mbili ni doti, doti kadhaa ni jora. Hivyo ndivyo fedha ya njiani ilivyohesabiwa. Kwa nguo ulimlipa mpagazi, ukanunua mtama, ukatoa hongo kwa mtemi ili akuruhusu kupita. (Hongo siku hizo ilikuwa ushuru wa wazi. Ya leo mnaijua.) Nilicheka peke yangu hadi aliyekaa meza ya pili akanigeukia. Kumbe kila Jumanne, Alhamisi na Jumamosi nilikuwa nasimama nyuma ya meza ya mbao nikihesabu kwa lugha ya misafara.

Nasomea shahada ya uzamili katika historia, na tangu siku ile nimekuwa na mgogoro wa kirafiki na msimamizi wangu wa tasnifu. Mimi nataka kuandika sura moja juu ya raha ya kazi: kwa nini watu wanapenda kufanya kazi mahali kama Kariakoo, penye joto, kelele na msongamano wa kukanyagana. Yeye anasema historia ya wafanyakazi wa nchi hii tumeijenga kwa migomo na misiba kwa sababu hayo ndiyo yaliyoacha karatasi. “Raha utaipata kwenye faili gani, mwanangu?” Swali zuri. Sikulijibu siku ile, ila naona lina jibu, na jibu lenyewe linaanzia karibu na kwetu.

Kwetu ni Mkange, ng'ambo ya Mto Wami, upande wa Saadani. Ukiitaja Mkange hapa mjini lazima uongeze maelezo: ni Uzigua, ni njia ya kwenda kuangalia tembo wa Saadani. Lakini kabla Saadani haijawa habari ya tembo na watalii, ilikuwa mji wa bandari ulioshindana na Bagamoyo. Njia ya misafara ilitoka pale ikapenya Uzigua na Nguu kuelekea Mpwapwa. Bwana Heri, aliyeitawala Saadani, alipigana na Wajerumani katika vita vya pwani vilivyoanza 1888, akakubali amani mwaka 1890. Alikuwa na mengi ya kulinda: aliyeshika Saadani alishika mlango wa njia, na njia ilikuwa imejaa wapagazi.

Wapagazi hao tumezoea kuwaona katika picha za kale wakiwa mstari mmoja mrefu, vichwa vimeelemewa, mbele yao Mzungu mwenye kofia. Ndiyo maana kitabu cha Stephen Rockel cha 2006 kilinishtua. Anaonyesha kwamba wapagazi wengi wa karne ya 19, hasa Wanyamwezi, hawakuwa watumwa wala vibarua wa kuokotwa. Walikuwa wafanyakazi wa ujira, wenye ujuzi, mila za kazi na majivuno ya kazi. Walipatana malipo kabla ya kuondoka. Posho ikipungua waligoma, na wakidhulumiwa waliutua mzigo wakatoroka. Kwa kijana wa Unyamwezi, kufika pwani na kurudi kulihesabiwa kuwa alama ya utu uzima. Msafara uliongozwa na kirangozi, amevaa joho jekundu na manyoya kichwani, nyuma yake ngoma na barugumu. Mzigo ulikuwa kama frasila mbili, zaidi ya kilo 30, na bado watu waliimba.

Sisemi ilikuwa sherehe. Ndui iliua watu njiani, njaa iliua, na ndani ya misafara hiyohiyo walikuwamo watumwa waliobebeshwa pembe na ambao wenyewe walikuwa wanakwenda kuuzwa. Ninachosema ni kwamba mpagazi wa ujira alifanya kazi ngumu kuliko yoyote niliyowahi kuiona na bado akaitengenezea utamu wake. Alipofika Bagamoyo alivaa vizuri, msafara ukaingia mjini kwa milio ya bunduki, na wiki zilizofuata zilikuwa za kula samaki, kucheza ngoma, kununua nguo na kugombana na wenyeji. Katika msimu, mji mdogo ule ulipokea makumi ya maelfu ya wageni kwa mwaka. Wanahistoria bado wanavutana juu ya jina lenyewe, kama ni bwaga moyo ya mtumwa aliyekata tamaa au ya mpagazi aliyepumua baada ya safari ndefu. Siwezi kuwaamua, ila nalipenda hilo neno kubwaga. Kinachobwagwa lazima kwanza kiwe kimebebwa.

Ushahidi wa raha hiyo hauko kwenye faili. Unatembea. Asubuhi moja ya Alhamisi kuli wetu, Msukuma mwenye kifua kama mlango wa bohari, aliingia na robota la khanga begani, akalitua, akanitazama nikikung'uta vumbi.

“Mtani, umeshachoka? Nyie watu wa pwani mkiona kivuli mnatandika mkeka.”

“Na nyie Wasukuma mkiona bahari mnauliza inanywesha ng'ombe wangapi.”

Mama akatuambia tuache upuuzi, wateja wanasubiri. Wateja wenyewe walikuwa wanacheka. Hatukuwa na haja ya kujuana sana ili tutaniane hivyo. Kabila lake na langu vilishajuana zamani. Wanyamwezi na Wasukuma wana utani na makabila mengi ya nyuma ya pwani, Wazigua na Wazaramo wakiwamo, na watafiti wengi wanauhusisha utani huo na njia za misafara: wageni wanaopita kila mwaka katika nchi za watu, wakihitaji maji, chakula, na mtu wa kuwazika wakifa. Ugomvi wa kwanza uligeuzwa mzaha, mzaha ukageuka haki na wajibu. R. E. Moreau, mtaalamu wa ndege aliyekuwa kituo cha utafiti cha Amani kule Usambara, aliwaweka ndege pembeni kidogo akaandika juu ya utani mwaka 1941 na tena 1944. Namshukuru. Hata hivyo hakuna makala inayoeleza jinsi unavyoirahisisha siku. Saa nane mchana, umeme umekatika, feni imesimama, mtu anakutukana ukoo mzima kwa upendo, na mwili unapata nguvu ya kwenda hadi jioni.

Raha nyingine nazitaja haraka kwa sababu kila aliyefanya kazi Kariakoo anazijua. Chapati na maharage ya mama lishe anayekumbuka kwamba hupendi pilipili. Muuza kahawa anayegonganisha vikombe, kashata mfukoni mwa koti lake. Winga anayemleta mteja dukani na kuapa kwamba hapati kitu, huku akikukonyeza. Wateja wa kutoka Kalemie na Lubumbashi wanaouliza “hii iko bei gani?” kwa Kiswahili kilichosafiri njia ileile ya msafara kwenda bara na sasa kimerudi kununua. Na wanawake wawili watatu wakisoma majina ya khanga kwa sauti, wakitafuta lile hasa litakalomfikia jirani bila wao kufungua mdomo. Hapo hata Mama huacha kuharakisha watu. Amewahi kufungua majora saa nzima kumsaidia mteja kumpata “anayesema vizuri”, akauza doti moja, na akafurahi kuliko siku aliyouza robota.

Sasa nije kwenye jina la mahali.

Kabla ya 1914 Wajerumani walikuwa wamepanga mtaa wa Waafrika katika eneo hili na wakaanza kujenga soko. Vita vikazuka. Septemba 1916 Waingereza waliiteka Dar es Salaam, na eneo la soko likawa kambi ya wabeba mizigo wa jeshi, Carrier Corps. Kinywa cha Mswahili kikalipokea jina hilo kikalifanya Kariakoo. Nairobi nako kuna soko lenye jina hilohilo, Kariokor, kwa sababu hiyohiyo.

Mbung'o waliua farasi, nyumbu na ng'ombe wa kuvuta magari, kwa hiyo vita vya Afrika Mashariki vilibebwa na vichwa vya watu. Waingereza waliwachukua mamia ya maelfu, wengi kwa nguvu, kutoka Kenya, Uganda, Nyasaland na humu humu Tanganyika. Wajerumani upande wao waliwakamata waliowafikia. Makumi ya maelfu walikufa, na risasi iliua wachache. Waliobaki waliuawa na kuhara, malaria, homa ya mapafu na chakula ambacho matumbo yao hayakukizoea. Wengi waliandikwa kwa namba. Wengine hawakuandikwa kabisa.

Nikitumwa na Mama kupeleka vitambaa kwa mafundi, hupita Mtaa wa Narung'ombe, Mtaa wa Mahiwa, Mtaa wa Tandamti. Nilidhani ni majina ya vijiji vya watu waliohamia mjini, kama mitaa ya Lindi, Pemba au Mafia ilivyo majina ya kwao watu. Ni ya viwanja vya vita. Narung'ombe, nyuma ya Kilwa, palipiganwa Julai 1917. Tandamti, karibu na Lindi, Agosti mwaka huo. Mahiwa, Oktoba, siku nne, mojawapo ya mapigano ya umwagaji damu mkubwa katika vita vyote vya huku. Risasi na chakula vilifika huko juu ya vichwa vya wabeba mizigo. Leo Mahiwa unaweza kununua pazia, na Narung'ombe kuna vijana wanaojua kurekebisha simu yoyote utakayowapa. Hakuna kibao kinachoeleza. Nimewauliza watu kadhaa wa hapo maana ya jina la mtaa wao. Mzee mmoja fundi cherehani aliniambia, “Narung'ombe? Si ng'ombe walipitishwa hapa, binti yangu.”

Kiswahili kina vitenzi vitatu ambavyo naona vinabeba sura yangu yote. Mpagazi wa Bagamoyo alijitwika. Mtu wa Carrier Corps alitwishwa. Cha tatu ni kutua. Mpagazi wa ujira aliweza kuutua mzigo: kwa kugoma, kwa kutoroka, kwa kumaliza mkataba na kwenda kwenye ngoma. Aliyetwishwa na jeshi hakuwa na pa kuutua, na ndiyo maana katika habari zake sijapata hata utani mmoja. Nilimpelekea msimamizi wangu maelezo haya. Alinyamaza kidogo, akasema niongeze ushahidi. Nilichukua hilo kama ruhusa.

Ushahidi uko hapahapa, katika yaliyofanyika baada ya vita. Serikali ya Waingereza iliigawa Dar es Salaam kwa rangi: Uzunguni baharini, Uhindini katikati, na Waafrika Kariakoo, uwanja wa Mnazi Mmoja ukiachwa wazi kuwatenga. Soko lilifunguliwa 1923. Katika fikra za wapangaji, huku palikuwa mahali pa kulala watu wanaofanya kazi kwingine. Watu hawakulala. Nyumba ya Kiswahili, yenye ukumbi katikati, vyumba vitatu kila upande na baraza mbele, iligeuka duka, chuo cha Kurani, kijiwe, karakana na ukumbi wa harusi. J. A. K. Leslie, ofisa wa serikali aliyefanya utafiti wa jiji hili katika miaka ya 1950 na kuuchapisha 1963, aliandika kwa kirefu juu ya nyumba hizo na wapangaji wake. Yanga ilianzishwa mtaani humu 1935, na Simba, kwa jina jingine, 1936. Mnajua wenyewe yaliyofuata, sitaki matusi.

Hapo pia ndipo penye jibu kwa wanaodhani raha ni jambo dogo. Makuli wa bandari waliogoma 1947 walikuwa watu wa mitaa hii na jirani zake. TANU ilizaliwa 7 Julai 1954 katika jengo la Mtaa wa New Street, leo Lumumba, pembezoni mwa Kariakoo. Na chama kilipotaka wanawake, Bibi Titi Mohamed hakuanza na hotuba. Alikwenda kwenye vikundi vya ngoma, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa mwimbaji wa kikundi na alijua wanawake wa mji huu wamekwisha kujipanga zamani, wana viongozi, michango na sare. Walijipanga kwa ajili ya kucheza. Siasa ilikuta viti vimeshapangwa.

Baada ya uhuru likaja soko jipya, lililofunguliwa 1975, kazi ya Beda Amuli, mmoja wa wasanifu majengo Waafrika wa kwanza Afrika Mashariki. Paa lake limesimama kama miavuli mikubwa ya zege iliyopinduliwa. Ukiwa chini yake unakumbuka gulio chini ya miti. Julai 2021 soko liliungua. Novemba 2024, Jumamosi asubuhi, ghorofa moja mtaani liliporomoka na watu waliokuwa ndani, wenye maduka, wasaidizi wao, wateja. Waliokufa walipita 20. Nisingependa kuliandika hili kwa haraka, lakini pia sitalitumia kupamba insha. Waliofukiwa walikuwa kazini kama mimi nilivyo kazini. Wa kwanza kuchimba walikuwa makuli na machinga, kwa mikono na nyundo, kabla mashine hazijafika. Kwa wiki nzima baada ya hapo dukani kwetu hakuna aliyemtania mwenzake. Aliyeanza tena alikuwa yule Msukuma, na alianza na mimi: alisema Wazigua tumefurahi kupumzika, sasa turudi kazini. Mama ndiye aliyecheka kwanza, akafuta macho kwa ncha ya mtandio.

Katikati ya jiji, Barabara ya Samora, liko Sanamu la Askari lililozinduliwa 1927. Ni askari wa shaba, bunduki mkononi, ameelekeza singe bandarini. Wabeba mizigo wametajwa katika maandishi chini yake. Umbo lao halipo. Nairobi, katika sanamu ya vita hivyohivyo, mbeba mizigo amesimama pamoja na askari. Dar es Salaam anayembeba mtu huyo ni jina la Kariakoo tu, na wengi wetu tunalitamka tukiwa na maana ya bei nafuu.

Lakini kuna sheria moja mtaani ambayo haijaandikwa popote. Njoo Mtaa wa Kongo saa nne asubuhi, wakati hata sindano haipiti. Machinga wametandaza, bodaboda zinapiga honi, mama mwenye mtoto mgongoni anabishana bei, bosi wa gari kubwa ameshusha kioo na kukasirika. Kisha nyuma yenu sauti inasema, bila kupandishwa sana: “Mzigo! Mzigo huo!” Wote wanasogea. Machinga anavuta turubai lake, bodaboda inazima, bosi anarudisha gari nyuma. Kuli anapita katikati, shingo imenyooka, hamtazami mtu, anakwenda kutua.